Kutayarisha Maktaba ya RNA Iliyo Kidogo Mno

Mwaka 2009 jarida la Nature Methods lilichapisha taarifa ya Fuchou Tang na wenzake kuhusu jambo lililokuwa geni wakati huo: kuusoma kwa upana ujumbe wa RNA uliomo ndani ya seli moja tu. Seli yenyewe ilitoka katika kiinitete cha panya kilichokuwa na seli nne. Kazi hiyo ilihusisha maabara ya Azim Surani, mzaliwa wa Kisumu aliyejenga sifa yake ya kitaaluma huko Cambridge, Uingereza. Katika seli hiyo moja zilionekana jeni 5,270 zaidi ya zile zilizoweza kuonyeshwa na mbinu iliyotangulia ya vibao vya jeni, yaani ongezeko la asilimia 75.

Tangu hapo njia za kufanya kazi ya namna hii zimekuwa nyingi, na mashine za kusomea zimezidi kasi. Hata hivyo ugumu wenyewe haumo katika mashine. Umo katika saa chache za mwanzo, pale kiasi cha RNA kisichoonekana kwa jicho wala kupimika kwa mizani kinapogeuzwa kuwa kile ambacho wataalamu hukiita maktaba. Makala haya yanakusudia kueleza saa hizo: nini hufanyika, nini hupotea, na kwa nini hesabu zinazotoka mwishoni hazina budi kusomwa kwa tahadhari. Huenda msomaji wa jarida la lugha akashangaa kuikuta mada hii hapa. Lakini aliyewahi kuhariri miswada ya tenzi atautambua ugumu huu upesi, maana ni ugumu wa nakala na asili yake. Na aliyewahi kushughulika na istilahi ataona kwamba maneno mawili ya Kiswahili, yakitengwa vizuri, huondoa sehemu kubwa ya mkanganyiko.

Ujumbe na kiasi chake

DNA huhifadhi maagizo ya mwili ndani ya seli, lakini maagizo hayo hayatumiki moja kwa moja. Jeni inapohitajika, hutolewa uzi wa RNA unaofuata herufi za jeni hiyo, na uzi huo husomwa na ribosomu ili protini itengenezwe. Seli ya ini na seli ya ubongo za mtu mmoja zina DNA ile ile. Kinachozitofautisha ni ujumbe wa RNA uliomo ndani yake kwa wakati fulani. Anayesoma DNA hujua seli inaweza kufanya nini. Anayesoma RNA hujua seli ilikuwa katika kufanya nini ilipokamatwa.

Ama kuhusu kiasi, seli ya kawaida ya mnyama wa jamii ya mamalia ina RNA ya pikogramu 10 hadi 30 hivi. Pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa sehemu milioni, kisha kila sehemu ikagawanywa tena sehemu milioni. Isitoshe, zaidi ya asilimia 80 ya RNA hiyo ni mwili wa ribosomu zenyewe, wala haina habari mpya ya kumpa mtafiti. Ujumbe wa jeni, ambao ndio unaotafutwa, ni asilimia 1 hadi 5 tu ya jumla. Njia za kawaida za kutayarisha maktaba zilizoea kuanza na nanogramu 100, au hata mikrogramu 1. Kwa seli zenye pikogramu 20 kila moja, nanogramu 100 ni mavuno ya seli 5,000, na mikrogramu 1 ni mavuno ya seli 50,000.

Yaweza kuulizwa: mbona basi zisikusanywe seli hizo 5,000, kazi ikawa nyepesi? Jibu linaonekana wazi katika ugonjwa wa malaria. Vimelea vilivyomo katika seli nyekundu za damu ya mgonjwa huzaana humo humo, mzunguko baada ya mzunguko, na ndivyo vinavyomletea homa. Vichache miongoni mwao hugeuka kuwa gametosaiti, yaani vimelea vya kiume na vya kike ambavyo haviongezeki ndani ya damu bali hungoja kufyonzwa na mbu. Bila hivyo vichache, mbu hawezi kuupeleka ugonjwa kwa mtu mwingine. Damu ikichanganywa na kusomwa yote pamoja, ujumbe wa vichache humezwa na ujumbe wa vingi, na kinachopatikana ni wastani wa umati, ambao huenda usikieleze sawasawa hata kimelea kimoja. Ni kama kuwarekodi wanakijiji mia wakisema kwa wakati mmoja, kisha kutaka kuichambua lahaja ya bibi mmoja aliyehamia hapo kutoka Pate. Hapana njia ila kumsikiliza bibi peke yake. Na kimelea kimoja cha malaria, hasa kikiwa kichanga, kina RNA kidogo kuliko hata seli ya mwanadamu.

Kabla ya nakala ya kwanza

RNA huharibika kwa urahisi. Ngozi ya binadamu hutoa vimeng'enya vinavyoikata vipande, na mate yake vilevile. Baadhi ya vimeng'enya vya jamii hiyo hustahimili hata kuchemshwa, kwa hiyo usafi wa kawaida wa maabara hautoshi. Meza hufutwa kwa dawa maalumu, glavu hubadilishwa mara kwa mara, ncha za pipeti huwa mpya, na vichupa hukaa juu ya barafu. Ndani ya kioevu kinachopokea seli hutiwa pia protini inayovikamata vimeng'enya hivyo na kuvizuia visifanye kazi.

Upotevu mwingine hauna adui wa kulaumiwa. Kila RNA inapohamishwa kutoka kichupa kimoja hadi kingine, baadhi yake hung'ang'ania plastiki. Kila inaposafishwa, baadhi yake huondoka na maji. Mwenye gunia la mchele hasumbuki punje kumi zikimwagika njiani. Mwenye punje kumi tu hana cha kupika. Kwa sababu hii, kazi ya seli moja huacha hatua ambayo kazi ya kawaida huanza nayo, yaani kuitoa RNA na kuisafisha. Seli hudondoshwa ndani ya mikrolita chache za kioevu chenye sabuni hafifu, utando wake hupasuka, na kila kitakachohitajika baadaye huongezwa juu ya hicho kilichomo. Hakuna kinachotolewa nje mpaka nakala za DNA ziwe zimekuwa nyingi. Udogo wa kioevu nao una faida yake: RNA chache zilizomo katika tone dogo hukutana upesi na vimeng'enya vya kuzinakili kuliko zikielea katika maji mengi.

Ipo hasara moja ambayo maabara safi haiwezi kuizuia. Seli haifi pale inapotolewa mwilini. Damu iliyovutwa kwenye sindano, ikapoa, ikasubiri gari, bado ina seli hai zinazoitikia baridi na kukosa chakula, na mwitikio huo huandikwa katika RNA. Ujumbe utakaosomwa baada ya saa sita waweza kuwa ujumbe wa safari, si wa mwili wa mgonjwa. Jambo hili hutajwa kwa ufupi mno katika maelezo ya mbinu, ilhali kwa nchi ambazo zahanati ziko mbali na maabara kubwa ndilo linaloamua kama kazi yote ina maana.

Kunakili na kurudufisha

Hapa yanafaa kutengwa maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku hubadilishana nafasi. Katika makala haya kunakili ni tendo la kuandika ujumbe wa RNA kwa herufi za DNA. Hufanyika mara moja tu kwa kila uzi, na ndiko kuvuka kutoka hali moja hadi nyingine. Kurudufisha ni kuzidisha idadi ya nakala hizo za DNA baada ya kuvuka. Neno nakala likiachwa lisimamie matendo yote mawili, msomaji wa ripoti hawezi kujua kama nakala elfu zinazotajwa ni ujumbe elfu uliokuwamo ndani ya seli, au ni ujumbe mmoja uliorudufishwa mara elfu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi nzima.

Kunakili huhitaji kimeng'enya kinachokwenda kinyume cha desturi, kutoka RNA hadi DNA. Kuwapo kwake kulitangazwa mwaka 1970 na Howard Temin pamoja na Satoshi Mizutani kwa upande mmoja, na David Baltimore kwa upande mwingine. Temin na Baltimore walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1975 pamoja na Renato Dulbecco. Aina inayotumika sana leo ina asili yake katika virusi vya saratani ya damu ya panya. Kimeng'enya hiki hakiwezi kuanza kazi pasipo kianzio, yaani kipande kifupi cha DNA cha kukishikilia. Kwa bahati njema ujumbe mwingi wa jeni huishia na mkia mrefu wa herufi A, na RNA ya ribosomu haina mkia huo. Kianzio chenye mfululizo wa herufi T hujibana kwenye mkia, na hivyo ujumbe huchaguliwa na ribosomu kuachwa, bila kusafisha chochote.

Hila hii ina mipaka yake. RNA iliyokatika njiani hupoteza mkia katika vipande vyake vingi, na vipande hivyo havionekani tena. Aidha, katika Plasmodium falciparum, kimelea kikuu cha malaria barani Afrika, karibu asilimia 80 ya herufi za DNA ni A na T. Mifululizo ya A hupatikana hata katikati ya ujumbe, na kianzio huweza kujibana hapo kikidhani kimeufikia mkia. Njia iliyotengenezwa kwa seli za panya haihamishiwi kwa kimelea hiki bila kurekebishwa.

Nakala inapofika mwisho wa uzi hutokea jambo dogo ambalo mbinu nyingi za sasa zimejengwa juu yake. Kimeng'enya kile, kikiishiwa na RNA ya kufuata, huongeza chenyewe herufi C chache, mara nyingi tatu, ambazo hazimo katika ujumbe. Mtafiti huwa ameweka ndani ya kichupa kipande kingine kinachoishia na herufi G tatu. G hujibana na C, na kimeng'enya huruka kutoka kwenye RNA hadi kwenye kipande hicho na kuendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichobadilika. Matokeo yake ni kwamba nakala nzima, kuanzia kichwa hadi mkia, huwa na ncha mbili zinazojulikana, na yenye ncha zinazojulikana yaweza kurudufishwa. Juu ya msingi huu ndipo iliposimama njia ya Smart-seq ya mwaka 2012, na Smart-seq2 iliyotangazwa mwaka 2013 na Simone Picelli, Rickard Sandberg na wenzao huko Stockholm, ambayo imetumika sana kwa sababu maelezo yake yalitolewa hadharani na vifaa vyake vyaweza kununuliwa kimoja kimoja.

Kurudufisha kwenyewe hufanywa kwa PCR. Kila mzunguko, ukienda kikamilifu, huongeza idadi mara mbili. Mizunguko 18 hutoa rudufu 262,144 kwa kila nakala. Lakini hakuna mzunguko unaokwenda kikamilifu, na nakala hazilingani: ndefu hurudufishwa kwa shida kuliko fupi, na zenye G na C nyingi hukaidi. Ichukuliwe kwamba nakala moja huongezeka mara 1.9 kila mzunguko na nyingine mara 1.8. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kutoonekana katika mzunguko mmoja. Baada ya mizunguko 18 ya kwanza itakuwa imeipita ya pili mara 2.6 hivi, hata kama zilianza sawa. Mwanafunzi asiyejua hili ataandika kwamba jeni ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi zaidi ya mara mbili kuliko ya pili.

Ipo njia ya kale zaidi iliyolikwepa tatizo hili. James Eberwine na wenzake, katika kazi zilizochapishwa mwaka 1990 na 1992, waliongeza kwenye kianzio mwito wa kimeng'enya cha kirusi kiitwacho T7. Kimeng'enya hicho hutoa nyuzi nyingi za RNA kutoka kwenye nakala ile ile ya DNA. Kila uzi hutokana na nakala ya kwanza, si na rudufu ya rudufu, kwa hiyo makosa hayazaliani. Njia ya CEL-Seq ya mwaka 2012 ilifuata mkondo huo. Gharama yake ni muda mrefu zaidi, na usomaji unaoelemea upande wa mkia wa ujumbe.

Wahariri wa miswada wanazijua njia hizi mbili kwa majina mengine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, yaliokolewa mwishoni mwa karne ya 19 na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Shairi ambalo hakuna aliyelikumbuka wakati Taylor akikusanya limekwenda, na hakuna uchapaji wa baadaye uwezao kulirudisha. Wala nakala elfu za kitabu cha Hichens si mashahidi elfu wa neno la Muyaka. Ni shahidi mmoja aliyepigwa chapa mara elfu. Kunasa ndiko kunakotangulia, na wingi wa baadaye hauzidishi kilichonaswa.

Alama ya asili

Kama rudufu haziwezi kuzuiwa, basi yafaa zitambulike. Wazo hili lilipata umbo lake linalotumika sasa katika kazi ya Teemu Kivioja na wenzake iliyochapishwa mwaka 2012. Kila kianzio, au kile kipande chenye G tatu, hupewa herufi kadhaa zilizopangwa kibahati. Herufi 8 hutoa mipangilio 65,536. Herufi 10 hutoa 1,048,576. Uzi wa RNA unaponakiliwa hupata mpangilio mmojawapo, na mpangilio huo hurithiwa na rudufu zake zote. Mwishoni, mashine ikisoma vipande 900 vya jeni fulani vyenye alama 3 tu tofauti, hesabu inayoandikwa ni 3. Vile 897 vingine ni mwangwi.

Haya ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote katika fani hii, ingawa hayakuhitaji mashine mpya wala kimeng'enya kipya. Yalihitaji mtu kukiri kwamba wingi wa usomaji si wingi wa ushahidi. Smart-seq2 haikuwa na alama hizo. Smart-seq3 ya mwaka 2020 ndiyo iliyoziunganisha na usomaji wa ujumbe mzima. Njia za matone zilizotangazwa mwaka 2015, ambazo huifungia kila seli ndani ya tone lake katika mafuta pamoja na kishanga chenye vianzio, zilizitumia tangu mwanzo, na pasipo alama hizo hesabu za maelfu ya seli zisingeaminika.

Alama nazo si malaika. PCR hukosea herufi, na kosa moja katika alama huzaa alama ya uongo inayoonekana kama uzi mwingine. Programu za kuhesabu hulazimika kuziunganisha alama zinazotofautiana kwa herufi moja, hasa ile yenye idadi ndogo inapokuwa kando ya yenye idadi kubwa.

Kutoka rudufu hadi maktaba

Hatua zilizobaki ni rahisi kuzieleza. Rudufu ndefu hukatwa kuwa vipande vifupi ambavyo mashine yaweza kuvisoma. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na kimeng'enya Tn5, ambacho hukata na papo hapo kubandika ncha zinazohitajiwa na mashine. Kila seli hupewa msimbo wake, ili seli mia kadhaa ziweze kusomwa pamoja na kutenganishwa baadaye. Shanga za sumaku huvishika vipande vyenye urefu unaotakiwa, na vifupi mno huoshwa. Mkusanyo huu wa vipande vyenye ncha na misimbo ndio uitwao maktaba. Jina limekubalika kwa kuwa kila kipande chaweza kutolewa na kusomwa kama kitabu kilivyo rafuni, ila yafaa kukumbukwa kwamba katika maktaba hii kitabu kimoja huwa na nakala maelfu, na vingine havikufika kabisa.

Pale RNA inapokuwa kidogo mno, maktaba yaweza kujaa takataka. Vianzio hujiunganisha vyenyewe kwa vyenyewe, na kwa kuwa ni vifupi hurudufishwa kwa kasi kuliko ujumbe wa kweli. Uchafu mdogo wa DNA ya bakteria, ambao katika kazi ya nanogramu 100 haungeonekana, huwa mkubwa mbele ya pikogramu chache. Kwa sababu hii vichupa visivyotiwa seli hupitishwa katika hatua zote sambamba na vyenye seli. Kichupa kitupu kikitoa maktaba nzuri, kazi yote ya siku hiyo haina thamani. Aidha, baadhi ya maabara hutia katika kila kichupa RNA ya kigeni iliyotengenezwa kwa vipimo vinavyojulikana. Seti moja inayotumika sana ina aina 92. Kilichotiwa kikijulikana, na kilichosomwa kikijulikana, sehemu iliyopotea yaweza kukadiriwa.

Sifuri

Makadirio hayo huonyesha kwamba njia nyingi hunasa baina ya asilimia 10 na 40 ya ujumbe uliokuwamo. Yafaa kuufuata mfano mmoja hadi mwisho. Jeni fulani ina nyuzi 5 za RNA ndani ya seli, na kila uzi una nafasi ya asilimia 20 ya kunakiliwa. Nafasi ya kuzikosa zote tano ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani karibu asilimia 33. Katika kila seli tatu zinazoitumia jeni hiyo, moja itaandikiwa sifuri. Jeni yenye nyuzi 50 haitakosekana ila kwa nadra mno. Kwa hiyo sifuri haziangukii jeni zote sawasawa. Huziangukia zile zenye ujumbe mchache, na miongoni mwa hizo zimo nyingi ambazo kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni nyingine.

Mwaka 2014 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba jeni iitwayo AP2-G ndiyo inayokielekeza kimelea cha malaria kuwa gametosaiti. Anayetaka kujua ni vimelea vingapi katika damu ya mtu vimekwisha kuamua kungoja mbu huangalia, pamoja na mengine, kama AP2-G imesomwa. Kimelea kilichoamua lakini ujumbe wake wa AP2-G ukakosa kunakiliwa huandikiwa sifuri, na huhesabiwa pamoja na visivyoamua. Dawa ikijaribiwa kwa kigezo hicho peke yake, yaweza kusifiwa kwa kupunguza kile ambacho haikukigusa. Ndiyo maana wanaofanya kazi kwa uangalifu hawahukumu kwa jeni moja. Hutazama kundi la jeni zinazokwenda pamoja, na huwalinganisha vimelea wanaofanana ili upungufu wa mmoja ufidiwe na mwingine.

Katika somo jirani, tatizo hili limepatiwa maandishi yaliyo bora zaidi. Virusi vya korona vina RNA, na katika sampuli nyingi za pua kiasi chake ni kidogo. Wakati wa janga lililofika Kenya mwezi Machi 2020, maabara nyingi duniani, ikiwamo ya KEMRI-Wellcome Trust huko Kilifi, zilisoma virusi hivyo kwa kunakili RNA na kisha kurudufisha vipande vingi vinavyopishana mpaka genomu yote ifunikwe. Sampuli ikiwa hafifu, baadhi ya vipande havitokei. Mahali hapo msomaji haandiki kwamba hakuna kitu. Huandika herufi N, maana yake herufi ipo lakini haikusomeka. Jedwali la jeni za seli moja halina N. Lina namba, na kisichosomeka huandikwa sifuri sawa na kisichokuwapo. Mwanaisimu anayekusanya msamiati kijijini hafanyi hivyo: neno ambalo hakulisikia kwa siku tatu haliandiki kuwa halimo katika lugha.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha Malaria Cell Atlas, kazi iliyosoma maelfu ya vimelea kimoja kimoja, kwa kupitia mzunguko wote wa maisha wa Plasmodium berghei, kimelea cha wanyama wagugunaji. Watafiti wa ICIPE, Kenya, walikuwa miongoni mwa waandishi wake. Kwa msingi wa ramani hiyo viliainishwa pia vimelea vya aina tatu za malaria ya binadamu, vikiwamo vilivyotolewa moja kwa moja katika watu walioambukizwa. Katika kazi ya namna hii kila seli huchujwa kabla ya kuhesabiwa: yenye jeni chache mno zilizosomwa huondolewa kwa kudhaniwa kwamba ilikufa au ilipasuka kabla ya wakati. Kwa seli za mamalia kigezo kimoja chaweza kutosha. Kwa kimelea cha malaria hakitoshi, kwa kuwa kimelea kilichoingia punde katika seli nyekundu huwa na RNA kidogo kwa maumbile yake. Kigezo kinachoifaa hatua ya ukomavu kitaviondoa vichanga karibu vyote, na ramani itakayobaki itaonyesha ugonjwa usio na utoto. Kwa hiyo kigezo hupangwa kwa kila hatua mbalimbali, baada ya kutazama vichupa vitupu vya siku ile ile vimetoa jeni ngapi.